Ndizi Nyama ya Makadara

Jumapili, 4 Mei

Gordon na Rispa wamekwenda kula samaki tena. Kila Jumapili, kanisa likiisha, samaki. Najua kwa sababu Gordon, jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu hapa Donholm, hurudi na kijiti cha meno mdomoni na kusimama nacho koridoni mpaka mtu amuulize ametoka wapi. Leo aliulizwa na mke wangu.

Akasema samaki alikuwa mkubwa hivi. Akaonyesha kwa mikono. Karani wa reli mzima, mikono imetanuliwa kama anaongoza treni iingie stesheni.

Tusajigwe alifunga mlango taratibu. Mke wangu akifunga mlango kwa kishindo, ni hasira tu, itapita. Akifunga taratibu, tafuta kiti. Nikatafuta. Akasema tangu kampuni ya magodoro iniajiri Nairobi kushughulikia wateja wa Tanzania, yeye nchi hii anaijua kwa jiko lake na njia ya sokoni, basi. Mwezi ujao anakwenda Tukuyu kwenye harusi ya mdogo wake, na huenda akabaki hukohuko hadi nitakapomalizana na Wakenya. Hakusema kwa ukali. Alisema huku anachambua mchele.

Nikamweleza, kwa upole wa mtu anayejua, kwamba hapotezi kitu. Wakenya hawali, wanajaza. Akasema hata yeye angependa kujazwa, ilimradi mkono uliopika uwe wa mtu mwingine.

Jumamosi ni kumbukumbu ya ndoa yetu. Nikajikuta nimeahidi kumtoa kwenda kula. Akatabasamu. Tabasamu lile lilinitia hofu. Mwanamke akizoea kutolewa, leo ni kumbukumbu ya ndoa, kesho ni kila Jumapili na vijiti vya meno.

Mpango ulinijia nikiwa naoga. Nimtoe kweli, lakini nimpeleke mahali pabaya. Pabaya hasa. Ale mara moja, ajute, arudi jikoni kwake akimshukuru Mungu. Mimi nitabaki mume mkarimu, na jambo litakuwa limeisha. Nimeutazama mpango huu pande zote. Sioni kasoro.

Jumatano, 7 Mei

Mahali pabaya hapapatikani kirahisi kama watu wanavyodhani. Jumatatu nilijaribu kibanda karibu na kazini, kwenye barabara ya kwenda Mukuru kwa Reuben. Maharage yao yalikuwa matamu. Niliondoka nimekasirika.

Leo nimepata. Makadara, nyuma ya mahakama. Bango la mbao: KALEKYE HOTELI. VYAKULA VYA KENYA NA TANZANIA. Hapa Kenya hata chumba chenye meza nne kinaitwa hoteli, nimeshazoea. Wateja wake ni watu wanaongoja kesi zao zitajwe. Hakuna anayeingia pale kufurahia. Mtu anakula huku anatazama saa, kama anayeliwa.

Nikaagiza ndizi nyama. Kwetu Tukuyu mtoto akishaota meno haulizwi maana ya ndizi nyama: ndizi mbichi, zimemenywa, zimechemka na nyama mpaka mchuzi umekuwa mzito. Msichana mmoja anayeitwa Ndindi, mhudumu wao, akaniletea bakuli. Nikatazama. Mchuzi wa ng'ombe, mzuri tu, na ndani yake zinaelea ndizi mbivu. Mbivu. Zile za manjano, za kula baada ya chakula. Zimekatwa vipande na kuachwa humo ziogelee.

Nilikaribia kulia kwa furaha.

Mpishi mwenyewe akatoka jikoni anapangusa mikono. Mtu wa Mwingi, anaitwa Mbaluka, mrefu, mwenye sura ya mtu asiyesifiwa mara nyingi. Aliambiwa Mtanzania wa kweli amekuja. Akauliza, kwa woga kabisa, kama amepatia. Mtu mwingine angesema ukweli. Mimi nilikuwa na ndoa ya kulinda. Nikasimama, nikamshika mkono, nikasema nimeonja ndizi nyama za Mbeya, Moshi na Bukoba, ila hizi ni za aina yake. Nikamwomba asibadilishe chochote. Chochote.

Macho yake yakalowa. Akasema alikisia tu kutoka kwenye jina.

Nimeweka nafasi ya Jumamosi jioni, watu wawili. Ndindi alishangaa. Hakuna aliyewahi kuweka nafasi pale.

Ijumaa, 9 Mei

Balaa.

Nilimwambia Tusajigwe tunakwenda kula chakula cha Kitanzania, ili nizidishe machungu ya kesho. Kosa. Amefurahi kupita kiasi. Ametoa kitenge alichopewa na mama yake, kile cha kijani, amekipiga pasi mara mbili. Ameimba akipiga pasi. Amesema hakujua kama nimemwelewa kiasi hicho, kwamba alichokuwa anatamani ni hichohicho: chakula cha nyumbani, ila asiwe amekipika yeye.

Kisha akasema amewaalika Gordon na Rispa.

Nikauliza kwa nini. Akasema Rispa ndiye rafiki yake pekee Nairobi nzima, na angependa aone kwetu tunakulaje. Nikapendekeza tuahirishe. Nikapendekeza pizza. Nikasema nimesikia Makadara kuna maji yamefurika kwa hii mvua. Akanitazama, akarudi kwenye pasi.

Sasa kesho Gordon atakula ndizi mbivu kwenye mchuzi wa ng'ombe na ataziita Tanzania. Koridoni atasimama na kijiti kipya.

Nilimpigia Ndindi simu. Nikamwomba amwambie Mbaluka abadilishe kidogo. Akasema Mbaluka amekataa katakata, kwamba mzee wa Bongo mwenyewe ameagiza kisibadilike kitu. Nikamwambia mimi ndiye huyo mzee wa Bongo. Akasema hawezi kujua, kwenye simu kila mtu ana sauti.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nikiwa na tumbo zito. Kila kitu kiandikwe kwa mpangilio.

Tulifika bado kuna mwanga. Mahakama imefungwa, kwa hiyo hoteli nzima ni sisi wanne na meza moja iliyotandikwa kitambaa cha maua kwa heshima yetu. Gordon alikuwa amevaa koti. Rispa na Tusajigwe walishikana mikono kama wanafunzi. Kalekye, mwenye hoteli, mama mnene mwenye sauti ya chini, alikuja kutusalimia mmoja mmoja.

Kisha Mbaluka akatoka jikoni na mikono yote miwili imefunguliwa.

"Ndiye huyu!" akamwambia Kalekye. "Huyu ndiye alikuja Jumatano akamaliza bakuli, akasema za Mbeya na za Bukoba hazifiki hapa. Akasema tusibadilishe kitu."

Tusajigwe akageuza shingo. Polepole, kama anageuza chapati.

"Jumatano?"

"Nilipita tu," nikasema.

Mabakuli yakaja. Mbaluka, kwa mapenzi, alikuwa ameongeza ndizi. Zilikuwa nyingi kuliko nyama. Nyingine zimeanza kuyeyuka.

Gordon alionja kwanza. Nikafumba macho. Nikamsikia anasema, "Bongo, kumbe nyinyi mko mbele. Nyama na matunda zinakuja pamoja, hakuna kupoteza wakati." Akaendelea kula. Akaongezwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa dharau, sikujiandaa kwa hamu ya kula. Hata Rispa alisema si mbaya ukishazoea, ingawa aliyasema hayo akiwa ameshusha kijiko.

Tusajigwe hakugusa. Alilitazama bakuli muda mrefu, akiwa na kitenge chake cha kijani na nywele alizosuka jana. Nilikuwa nimengoja uso huo wiki nzima. Uso wa mtu aliyekoma kutaka kutoka. Ndio huo hapo mbele yangu, kama nilivyopanga. Sikuona raha niliyotarajia. Huenda ni njaa.

Akamuuliza Kalekye, kwa adabu, kama anaweza kuona jikoni. Nilidhani anakwenda kutapika. Wakapotea huko. Mimi nikabaki na Mbaluka, ambaye alisimama pembeni yangu akinihesabia vijiko kwa macho. Nilimaliza bakuli. Nikaletewa la Tusajigwe. Nikamaliza na hilo.

Ndipo nikasikia kicheko kutoka jikoni. Sikukitambua mara moja. Gordon akaniambia, "Si huyo ni mke wako?" Nikasema bila shaka ni yeye, huwa anacheka. Ukweli ni kwamba sikumbuki mara ya mwisho.

Alirudi na sahani ya chakula ambacho Kalekye na Mbaluka walijipikia wenyewe. Muthokoi: mahindi yaliyokobolewa, yamepikwa na mbaazi. Akaiweka mezani.

"Onja," akamwambia Rispa. "Hii ni makande. Haya ndiyo makande ya bibi yangu. Wao wanaiita jina lingine tu."

Kalekye akavuta kiti akakaa karibu naye. Walizungumza habari za kukoboa mahindi, nani anatumia kinu na nani mashine, hadi chai ikapoa. Tusajigwe alikula sahani mbili. Hakunipa hata kijiko. Mimi nilikuwa nimeshiba, kila mtu aliona.

Tulipofika mlangoni kwetu akauliza tena kama kweli nilikwenda Jumatano. Nikasema nilikwenda kukagua usafi. Akaufunga mlango taratibu.

Jumapili, 11 Mei

Hakuna maneno ndani ya nyumba. Chai ipo, maneno hapana.

Baada ya kanisa akasema mambo yake yote kwa mkupuo mmoja. Kwamba amefikiria. Kwamba nilikula kile kitu, nikajua kilivyo, kisha nikaenda kumchukua yeye, na kitenge chake, na rafiki yake. Hakuhitaji maelezo. Akaniita Mwakalinga, jina la ukoo, kama karani wa benki. Mwisho wa mwezi huu, bila kungoja harusi ikaribie, anakwenda Tukuyu, na asipoona sababu ya kurudi, hatarudi.

Nikamuuliza sababu ya namna gani ingefaa. Akasema kama inabidi anitajie, basi si sababu.

Kauli ya kifalsafa hiyo, na mimi tumbo bado linauma. Nje Gordon anamsimulia mlinzi jinsi Watanzania wanavyokula. Anasema msosi ni fiti. Sina hata adui wa kumlaumu vizuri.

Jioni. Mpango mpya, na huu ni safi zaidi kwa sababu hauna uongo ndani yake isipokuwa mmoja. Nitamfundisha Mbaluka kupika ndizi nyama za kweli. Kisha nitampeleka Tusajigwe tena, kwa kushtukiza. Bakuli litafunuliwa. Ataona kwetu. Atalia kidogo. Atabaki.

Uongo wenyewe ni kwamba sijui kupika.

Jumanne, 13 Mei

Nilikwenda Makadara wakati wa chakula cha mchana, nikamweleza Kalekye, kwa Kiswahili fasaha, tofauti kati ya ndizi kama tunda na ndizi kama chakula. Nilizungumza vizuri sana. Mtu mmoja aliyekuwa anangoja kesi ya ardhi alipiga makofi.

Kalekye alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwa nini basi Jumatano nilisifu. Nikasema desturi yetu ni kutomvunja mtu moyo. Akamtazama Mbaluka, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na alikuwa amesikia yote. Mbaluka aligeuka akaingia ndani. Hapo nilijisikia vibaya kwa muda. Mchuzi wake ulikuwa mzuri kweli, nilitaka kumwambia. Lakini ningeharibu hoja yangu.

Kisha Kalekye akauliza kama mimi mwenyewe naweza kuzipika. Nikasema naweza nikiwa nimelala. Akasema afadhali niwe macho, nije Alhamisi. Alhamisi mahakama hujaa.

Nyumbani nilisimama jikoni nimtazame Tusajigwe akipika, nijifunze. Akauliza nimepoteza nini. Nikasema natazama tu. Akasema nitazame kutoka sebuleni. Kutoka sebuleni unaona mgongo wake na mvuke. Nimeandika: kwanza mgongo, halafu mvuke.

Alhamisi, 15 Mei

Kazini nilisema jino linaniuma. Makadara nilivaa aproni.

Ndizi mbichi zilikuwapo, mkungu mzima, Kalekye alikuwa amezitafuta mwenyewe soko la Gikomba alfajiri. Nikaanza kumenya. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ndizi mbichi ina utomvu. Nimekulia chini ya migomba, nimekula ndizi maisha yangu yote, na jambo hili lilifichwa kwangu na wanawake wa ukoo mzima. Utomvu ukashika vidole. Nikajipangusa kwenye aproni, aproni ikashika. Nikaosha kwa maji, ukageuka gundi nyeusi. Kisu kikaganda mkononi. Mbaluka alikuwa anakata vitunguu upande wa pili, na nilimwona anakata kwa furaha.

Nikazitia sufuriani na maganda nusu. Moto mkubwa, ili kufidia wakati. Chini zikaungua, juu zikabaki mawe. Chumvi nilitia, kisha nikasahau kama nimetia.

Saa ya chakula hoteli ikajaa. Mabakuli kumi ya kwanza yakatoka. Kelele za watu zikapungua taratibu, kama kanisani mchungaji anaposimama. Wakili mmoja, bado na joho lake, aliinua kipande cha ndizi kwa uma, akakipeleka kwenye mwanga, akamuuliza Ndindi kama hiki ni chakula au ni kielelezo. Meza yake yote ikacheka. Mabakuli yakaanza kurudi jikoni, moja moja, yamejaa kama yalivyokwenda.

Kalekye hakunifokea. Ningependa angefoka. Alinishika bega, akanikalisha kwenye debe la mafuta lililogeuzwa, akauliza swali moja.

"Baba, kwenu nyumbani anapika nani?"

Nikamwambia. Akasema ndivyo alivyodhani, na kwamba nambari ya Tusajigwe anayo tangu Jumamosi.

Tusajigwe alikuja na Rispa, kwa haraka, wanahema. Alidhani nimeungua. Akasimama mlangoni akaniona: nimekaa kwenye debe, mikono imeinuliwa mbele kama mfungwa, vidole vimeshikana vyote, kisu bado kinaning'inia. Akatazama sufuria. Akainusa. Akafunga macho.

Alichukua mafuta ya kupikia, akakaa mbele yangu kwenye kigoda, akaanza kuupangusa utomvu, kidole kimoja baada ya kingine. Alitoa kisu kwanza. Alikuwa na subira ambayo sikuistahili, ingawa sikusema hivyo.

"Unapaka mafuta kabla ya kumenya," akasema mwishowe. "Kila mtu anajua."

"Sikuambiwa."

"Hukuuliza." Akashika mkono wa pili. "Ulikuwa unafanya nini hapa?"

"Nilitaka kukupeleka mahali pazuri."

Sijui sentensi hiyo ilitoka wapi. Sikuwa nimeipanga. Nilikuwa na nyingine tayari, ndefu zaidi, yenye neno utamaduni.

Aliendelea kupangusa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, alicheka mpaka akaegemea ukuta, na Rispa akacheka, na Ndindi, na hata Mbaluka, ambaye nadhani alikuwa akisubiri ruhusa. Machozi yalimtoka kweli, mke wangu, akayapangusa kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta.

Akasimama, akanivua aproni, akajifunga yeye. Akamuuliza Mbaluka kama atamsaidia. Mbaluka akasema mchuzi upo, wake, haujaguswa na mtu. Nadhani mtu huyo ni mimi. Wakamenya zilizobaki pamoja, yeye anamwonyesha, na walipoweka ndizi kwenye mchuzi wa Mbaluka, harufu ilitoka mpaka barabarani. Watu waliokuwa wameondoka wakarudi. Wakili alikula mabakuli mawili, akasema anafuta pingamizi lake.

Mimi nilikaa kwenye debe. Nilipewa bakuli la mwisho. Lilikuwa kama la nyumbani. Nililiona hilo vizuri na sikulisema, nikihofia nitaulizwa kwa nini basi tunakwenda nje.

Jumamosi, 17 Mei

Kalekye amemwomba Tusajigwe akapike naye, kila siku ya mahakama. Tusajigwe amekubali. Alinijulisha. Nikampa ruhusa. Akasema hakuwa anaomba ruhusa, alikuwa anatoa habari. Nikampa hata hivyo, iwepo.

Ni wazi haya ni matokeo ya juhudi zangu. Bila ndizi zangu asingeitwa. Sijasikia mtu akilitaja hilo.

Jumatano, 21 Mei

Nyumbani hapapikwi tena mchana, na jioni anarudi amechoka na mwenye furaha, hali ambayo haipiki. Jana nilikula mkate. Juzi mkate. Gordon alinisimamisha koridoni kunieleza kwamba mke wangu ni hatari, amekula kwake mara mbili wiki hii, pilau ya Jumatatu usipime. Nilikuwa sijui kuna pilau ya Jumatatu.

Leo nikaenda mwenyewe. Pamejaa. Ndindi akaniambia nisimame foleni. Nikamwambia mimi ni mume wa mpishi. Akasema leo wametokea kaka zake wanne na mjomba, na wote walisimama foleni. Nilipofika mezani, ndizi zilikuwa zimekwisha. Nikapewa muthokoi.

Kupitia dirisha la jikoni nilimwona. Anamwamuru Mbaluka kwa kijiko, Mbaluka anatii, Kalekye anacheka, redio inaimba. Alisema neno la Sheng, ile lugha ya mitaani ya Nairobi, ambalo sijamfundisha na ambalo sikulielewa. Akaniona. Akanipungia mkono, kama mtu anavyompungia jamaa aliyemwona upande wa pili wa barabara, kwa furaha ya kweli, kisha akarudi kwenye sufuria.

Muthokoi ni mtamu. Niandike hilo kwa haki. Ni makande kabisa.

Jumamosi, 31 Mei

Leo ndiyo siku aliyokuwa aondoke. Sijauliza. Wiki nzima nimekuwa nikitazama sanduku juu ya kabati, nikiona limekaa vilevile, nikiogopa kulitaja nisije nikamkumbusha.

Saa sita akaniambia nivae shati safi. Akanipeleka kula. Yeye mimi. Mahali hapahapa Donholm, ghorofa ya kwanza, upande wa barabara ya Outer Ring, penye madirisha makubwa na vitambaa vyeupe. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani. Alimwita mhudumu kwa jina, kumbe wanafahamiana, huwa wanakutana sokoni. Aliagiza yeye. Kuku wa kuchoma, mboga, chapati. Alilipa yeye, kabla sijaanza kutafuta pochi kwa ule mwendo wangu wa taratibu.

Tukala tunatazama magari. Akasema ni mara ya kwanza tangu tuje ameketi na mimi bila mmoja wetu kuinuka kwenda jikoni. Akasema harusini atakwenda, wiki moja, na atarudi. Kalekye amempa ruhusa kwa shingo upande. Amemwambia mama yake kwenye simu kwamba Nairobi si mbaya, ina watu.

Nikauliza kama mimi ni mmoja wa hao watu. Akatafuna kwanza.

"Wewe ulijigundisha vidole kwa ajili yangu," akasema. "Kwa ujinga, lakini kwa ajili yangu." Akaniwekea paja la kuku kwenye sahani.

Nilikunywa maji, glasi nzima. Chapati ilikuwa kavu kidogo, huenda ni hiyo.

Jumapili, 1 Juni

Ndoa imeokoka. Nimepitia mambo yote tangu mwanzo, kwa utulivu, na ni dhahiri kwamba kila hatua ilikuwa ya lazima. Nisingempeleka mahali pabaya, asingepata kazi. Asingepata kazi, angeondoka. Watu watasema bahati. Watu hawaelewi mikakati.

Gordon amebisha hodi mchana. Hakuwa na kijiti. Alikaa kwenye kochi letu na kofia magotini, akasema ana shida na angependa kuzungumza na mwanamume mwenzake. Tangu Tusajigwe aanze kazi, Rispa naye hataki kukaa nyumbani. Anasema amechoka kwenda kula samaki kila Jumapili na kutazamwa akila. Anasema atakwenda kwao Siaya akafikirie.

"Bongo, wewe uliwezaje?" akaniuliza.

Nilimwacha angoje kidogo. Ushauri mzuri usitolewe kwa haraka. Kisha nikasogeza kiti, nikashusha sauti kwa sababu Tusajigwe alikuwa chumbani, nikamwambia siri iko katika kuchagua hoteli. Mwanamke apelekwe mahali pabaya. Pabaya hasa. Mengine yatajipanga yenyewe.

Alinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa reli. Akasema hajui pa kuanzia. Nikamwambia aniachie mimi. Kesho wakati wa chakula cha mchana nitapita nyuma ya Industrial Area. Kuna mahali nimesikia githeri yao, mahindi na maharage, wanaitia sukari.